Nyundo Iliyolia Majini

Mihayo,

Una haraka ya kijinga. Salamu utazikuta mbele huko nikishapoa, sasa hivi nakugombeza. Nani alikufundisha kuchovya nyundo nzima majini, uso, tundu la mpini na kisogo, kama mtu anayeosha viazi? Juzi jioni nilikuwa jikoni naonja chumvi. Nikasikia maji yanachemka ndani ya debe lako, shiii, na katikati ya ile shiii nikasikia sauti nyingine, ndogo, kama mtu amevunja njiti ya kiberiti. Tik. Wewe hukuisikia kwa sababu ulikuwa unaimba. Mtu anaimbaje na chuma chake kiko majini?

Hiyo nyundo uliyoifunga kwenye kanga yangu kuukuu, ukaiweka juu kabisa ya mzigo ili iwe ya kwanza kutoka ukifika Mwanza, ina ufa. Nimesema ina ufa. Usinikunjie uso.

Najua utakachosema. Utasema Bibi ni mfinyanzi, habari za chuma anazijulia wapi. Halafu utauliza mbona sikusema juzi hiyo hiyo, mbona nimengoja uende kulala Isikizya kwa shangazi yako ndipo nikashika penseli. Hayo ndiyo nitakayokuandikia. Utakaporudi asubuhi utaikuta karatasi hii juu ya mzigo. Isome yote kabla hujafungua fundo hata moja. Treni yako haiondoki mpaka jioni.

Sitakuandikia habari ya kuvaa sweta kwenye treni, wala ya kuchemsha maji ya ziwani, wala ya wanawake. Shangazi yako atakuwa ameshakujaza masikio na hayo. Na mwandiko wangu usiucheke. Kusoma nilifundishwa na mapadri ili nibatizwe. Kuandika nilijifunza mwenyewe, kwa kijiti, kwenye udongo wa vyungu kabla haujakauka. Ndiyo maana herufi zangu ni nene kama mapambo ya mtungi. Penseli hii ni yako ya darasa la nne, uliitafunatafuna mwisho wake, na mpaka sasa ninapoishika naona alama za meno yako.

Sasa sikiliza.

Nilipoolewa na babu yako walitoa majembe kwa wazazi wangu. Si haya ya dukani yenye chapa ya Ulaya. Yalikuwa majembe ya chuma cha mawe, kile ambacho wazee walikiyeyusha wenyewe porini kwa mkaa na mivukuto, kisha wakakifua juu ya jiwe. Majembe hayo hayo ndiyo baba yangu aliyabeba begani kwenye njia ya msafara, akaenda nayo Ugogo, akarudi na chumvi. Hapo nyumbani kwetu majembe yalikuwa mali. Nami nikaja katika ua huu nikiwa najivuna kwamba nimeolewa na watu wenye moto.

Kabla sijaingia, wazee wa ukoo wa babu yako walinisimamisha nje ya kiwanda cha kufulia chuma. Wakanipa mkononi kaa lililozimika. Wakasema, "Apa." Nikaapa kwamba mdomo wangu hautasema habari ya moto huu wala ya chuma kinachotoka humo, siku zote nitakazokaa hapa. Mwanamke alikuwa hakanyagi kiwandani. Alipita mbali, na siku zake zikifika alipita mbali zaidi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, wala sikuona ajabu. Kila kazi ina miiko yake, hata vyungu vina yake.

Kiapo hicho nimekitunza tangu Mdachi yuko bomani mpaka leo Mwingereza anazeekea humo. Sijakivunja hata siku moja. Lakini walikuwa wameapisha mdomo. Mkono hawakuuapisha, maana hakuna aliyedhani msichana yule wa kufinyanga angekuja kuandika. Basi mdomo umefungwa, mkono unasema. Hao wazee wakinidai nitawajibu huko huko waliko.

Sasa habari ya sikio langu. Mfinyanzi hanunui macho, ananunua sikio. Chungu kikishatoka motoni unakipiga kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia kama kengele ya mbali. Chenye ufa kinasema tu, du, kama mtu aliyeitikia akiwa amelala. Ukiwa na shaka, unatia maji ndani na kupaka majivu makavu nje, unakaa. Ufa unajichora wenyewe kwenye majivu, mstari mweusi, kama mchwa wamepita. Nimeona mistari hiyo tangu kabla baba yako hajazaliwa. Vyungu vyangu vingine vilipasuka wakati wa kupoa, na nilikuwa nikilala kitandani nikivisikia, tik, nikijua asubuhi ni kipi cha kutupa. Kwa hiyo usiniambie sijui nilichosikia.

Babu yako alikuwa mhunzi hodari. Nasema hivyo ingawa sasa nitamsema vibaya. Alijifunza kwenye chuma cha mawe, na chuma kile kilikuwa kipole. Kikichoka kinajikunja, hakivunjiki. Ukikitia maji hakilalamiki. Halafu yakaja malori. Yakaharibikia hapa mjini na kwenye njia ya Sikonge, yakaachwa, na watu wakaanza kuyachuna kama mizoga. Springi ikawa panga, ekseli ikawa nyundo. Babu yako naye akaleta ekseli yake ya kwanza, akafurahi sana, maana chuma kile kilikuwa kigumu kuliko chochote alichowahi kupiga. Hakujua kwamba chuma cha gari kina hasira. Alidhani atakifanya kama alivyofundishwa na baba yake.

Asubuhi ya siku hiyo tulikuwa tumekosana. Mama mmoja alikuja kunirudishia mtungi unaovuja. Babu yako akatoka kiwandani makusudi, akajifuta jasho, akasema mbele ya watu, "Mke wangu huyu vyungu vyake vinavuja kama mdomo wake. Kila Jumapili anakwenda kwa padri, labda siku moja atazibwa." Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi nilicheka, ili wasinione.

Mchana nilikuwa napanga vyungu vibichi kivulini, kando ya ua wa matete wa kiwanda. Nikasikia nyundo yake mpya inaingia majini. Shiii. Tik.

Nikainua kichwa. Kwenye mwanya wa matete nilimwona ameinamia ndoo. Alikaa ameinama hivyo muda mrefu, haigeuzi, haitoi. Kisha akageuka, akatazama upande wangu. Macho yetu yakakutana pale kwenye mwanya. Mimi sikuondoa yangu.

Nilikuwa na kiapo, kweli. Lakini nisikudanganye kwa kujificha nyuma ya kiapo. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kuvunja chungu kimoja mbele yake akaelewa, alikuwa na akili. Sikukohoa. Nilisema moyoni, na ipasuke. Ipasuke mbele ya wateja wake, tuone leo nani anavuja. Nilidhani kitakachotoka ni aibu tu.

Siku ya tatu baba yako ndiye aliyekuwa anapiga nayo. Hakuwa mtoto, Maganga alikuwa mwanamume mwenye mke, na wewe ulikuwa tumboni. Nilisikia mlio wa chuma juu ya chuma, kisha kimya, kisha nikasikia ananiita. Hakumwita baba yake aliyekuwa amesimama naye hatua mbili. Aliniita mimi. Nikaingia kiwandani kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, bila kufikiri mwiko wala nini. Alikuwa amekaa chini kwenye majivu, viganja vyote viwili usoni, anauliza, "Mama, limetoka? Angalia kama limetoka." Kipande cha ncha ya nyundo, kidogo kama punje ya mtama, kilikuwa kimeingia jicho la kushoto.

Halikupona.

Wazee wa ukoo wakaja, wakauliza nani aliyeleta mkosi. Babu yako alinyamaza. Mmoja akasema, "Mwanamke huyu anakaa mno karibu na ua." Nikasema ndiyo, nilikaa karibu. Nikatozwa kuku mweupe, nikafagia njia ya kiwandani siku saba nikiwa nimeinama. Nilifagia vizuri. Niliona afadhali niadhibiwe kwa kosa nisilolifanya kuliko kuulizwa lile nililolifanya.

Mhunzi wa jicho moja hapimi vizuri umbali, Mihayo. Baba yako alijaribu. Nilikuwa namsikia kutoka huku, anapiga chuma, anapiga fuawe, anapiga chuma, anapiga hewa. Ulipoanza kukaa mwenyewe, akaja mwandikishaji wa manamba, naye akajiandikisha kwenda kukata mkonge Tanga. Aliniaga mlangoni, akasema, "Mama, kule mkonge ni mkubwa, nitauona." Alikuwa anatania. Tulipata barua mbili. Ya pili iliuliza kama umeanza kutembea. Tulijibu kwamba unatembea na unavunja vyungu. Basi, tangu hapo hakuna. Mama yako alingoja miaka, akachoka, akaolewa Nzega, sikumlaumu. Nilimwambia aende, ila wewe akuache kwangu.

Babu yako tuliishi naye humu ndani kama wapangaji. Alikula nilichopika, nilivaa alichonunua. Mpaka alipolala kitanda cha mwisho, mguu umevimba, hawezi tena hata kukaa, akaniambia, "Mama Maganga, siku ile ulisikia?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Mdomo sikufungua. Kisha akasema, "Na mimi nilisikia. Ningeitupa. Nilikuona umenitazama kwenye matete. Ningeitupaje nawe unanitazama, baada ya yale niliyosema asubuhi?"

Watu wawili wazima walisikia kitu kile kile, saa ile ile, na kila mmoja akanyamaza ili mwenzake asimshinde. Na aliyelipa hakuwa miongoni mwao. Hilo ndilo nililo nalo, Mihayo, la kukupa uende nalo. Sina shamba wala ng'ombe.

Baada yake kiwanda kilikufa. Kuku wangu walitagia kwenye jiko la moto, na mimi nikaona vyema, angalau kitu kinaanguliwa humo. Vyungu navyo watu wakaviacha, wakaenda kwenye sufuria za Mhindi. Tukabaki mimi na wewe. Ulisoma darasa lako la nne, ukabeba magunia stesheni, nikasema basi, huyu atakuwa mtu wa mizigo kama baba yangu. Kumbe siku moja natoka misa nakukuta unafukuza kuku wangu kwa fagio. "Bibi, naamsha moto." Nilikugombeza kwa ajili ya mayai.

Kisu chako cha kwanza kilijikunja kama jani la mgomba. Cha pili kilivunjika ulipokata nacho muhogo, na muhogo wenyewe ulikuwa umepikwa. Nilicheka wiki nzima. Ukaenda kwa yule mhunzi wa upande wa sokoni, mkali yule, akakufundisha miezi michache kabla hajahama, na mimi nilikuwa nakuja kukuletea uji ili nisimame nje nimsikilize akikupigia kelele. "Chuma cha gari usikitie maji! Mafuta, mafuta ya moto kidogo! Nyundo unachovya uso tu, tundu liache! Kisha uirudishe kwenye makaa mpaka ipate rangi ya asali, ndipo uache!" Kila neno nililishika. Nilikuwa naenda nyumbani nikisema kimoyomoyo, laiti mtu huyu angekuja mjini mapema.

Na kisu cha tatu, kile cha springi ulichonipa mimi, uliniuliza kama kinakata. Nilikujibu, "Kisu ni kisu." Kinakata, Mihayo. Kinakata kuliko kisu chochote nilichoshika tangu niolewe. Nakinoa kidogo tu kwenye jiwe, kinakaa mwezi mzima. Nilipaswa kukuambia siku ile.

Sasa naingia kwenye lililo gumu.

Siku Kondo, yule mtani wetu Mzaramo wa stesheni, alipokuja na habari kwamba fundi Singasinga wa Mwanza anataka mfuachuma, alikukuta unatoka na ekseli begani, jasho linakutiririka. Akapiga kelele barabara nzima, "Nyie Wanyamwezi! Meno ya tembo yamekwisha, sasa mnabeba maiti za magari!" Nikacheka. Halafu akasema, "Lakini Singasinga hataki maneno. Anataka kila anayekuja aje na nyundo aliyoifua mwenyewe. Anaipiga juu ya fuawe lake mbele ya watu wote, kwa mkono wake. Ikistahimili, unabaki. Isipostahimili, treni ya kurudi ipo." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe bibi mumeo huyu akienda, sisi watani tutakurithi." Nikamwambia aanze kwanza kunawa masizi ya miguuni. Tulicheka wote watatu. Nilipoingia ndani sikucheka tena.

Mafuta yako ya karanga, yale ya kwenye debe dogo uliyoyaweka nyuma ya pipa. Juzi uliniuliza, "Bibi, mafuta yangu yako wapi?" Nikasema, "Mafuta gani?" Ukasema, "Ya chuma." Nikasema, "Nimekukaangia vitumbua vya safari, ulitaka usafiri na njaa?" Hukunigombeza. Ulitazama jua limefika wapi, ukatazama debe la maji. Nikaona macho yako yanavyokwenda. Nikajua unachotaka kufanya, nikarudi jikoni kuonja chumvi.

Nilijua mafuta yale ni ya nini. Sikuyachukua kwa kusahau. Nimeliandika, sasa umelisoma.

Na ile tik niliposikia, nilifurahi. Nakuambia ukweli kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Padri nitamwambia Jumamosi. Nilifurahi. Nilisema, siku moja ya kwenda, siku moja ya kurudi, na Mihayo atashuka pale stesheni amekunja uso, nitampikia ugali na mlenda, nitamwambia Mwanza hakuna watu. Nilishaanza hata kufikiria nitakugombezaje.

Kisha leo umeondoka kwenda Isikizya. Baiskeli ya kuazima, kengele yake mbovu, nimeisikia mpaka ilipokata kona. Nikafagia ua. Nikapika mchana, na nilipopakua nikaona nimepakua sahani mbili. Nikaiweka ya pili mbele ya kigoda chako, nikala yangu, nikaitazama inapoa. Nikasema basi ndivyo itakavyokuwa. Kuku watarudi kwenye jiko la moto. Nitakaa kwenye kibaraza nikisikiliza treni zinaingia, nikijua kwa mlio ni ya Kigoma au ya Mwanza, bila kuwa na mtu wa kumngoja ndani yake. Baba yangu aliondoka kwa njia ya msafara na mama yangu akawa anakaa barabarani akitazama vumbi. Mwanangu aliondoka kwa treni, na mimi nimetazama moshi. Mji huu kazi yake ni kupitisha watu, ila wanawake wanabaki.

Nikaenda kukaza fundo la mzigo wako. Nikaishika nyundo kupitia ile kanga. Ni nzito vizuri, Mihayo. Umeifua vizuri, mabega yake yamekaa sawa, tundu limenyooka kuliko la nyundo za babu yako. Na nilipokuwa nimeishika nikafikiri, Singasinga ataipiga mbele ya watu wote. Watu wote wamesimama wapi? Wewe utakuwa umesimama wapi? Utakuwa umesimama karibu kuliko wote, umeinama kuangalia, kama unavyoinamaga.

Nikamsikia baba yako anauliza kama limetoka.

Nimekaa na hiyo nyundo mapajani mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha nikainuka, nikatoa karanga zangu za mbegu kwenye kihenge kidogo, zile za kupanda mvua zikija. Usiseme kitu, ni zangu. Nimezikaanga, nimezitwanga, nimezikanda kwa maji ya moto na kuzikamua mpaka vidole vimepasuka. Mafuta si mengi lakini yanafunika uso wa nyundo. Yako kwenye chungu changu cha shingo fupi, kile ambacho hakuna mtu aliyekinunua. Hakivuji. Nimekijaribu kwa majivu mara mbili.

Kipande cha ekseli kilichobaki, ambacho ulikitafuta ukadhani Kondo amekiiba, kiko chini ya kitanda changu. Nilikificha mimi. Mwombe Kondo radhi.

Mimi mwenyewe sikuijaribu nyundo yako, ingawa majivu na mafuta ya taa ninayo. Sitaki uniamini mimi. Nataka uone kwa macho yako, maana mimi sitakuwa Mwanza, wala kwenye nyundo yoyote utakayofua baada ya hii. Mara nyingine utasikia tik na patakuwa na mtu anakutazama kwenye matete, tajiri, au mwenzako aliyekucheka asubuhi, au mwanamke. Itupe hapo hapo akikutazama. Acha acheke.

Mwanga unaniishia, na mafuta ya taa yaliyobaki nimeyaweka kwa kazi yako ya asubuhi. Salamu zako nilizokuahidi hizi hapa. Hujambo, mume wangu mdogo. Mimi sijambo kidogo. Nyumba ni kubwa leo.

Sasa fanya hivi. Toa nyundo kwenye kanga, ipake mafuta ya taa kila mahali, kando ya tundu hasa. Hesabu mpaka mia. Ifute mpaka ikauke kabisa, inyunyizie majivu meupe, iweke juani, uketi. Usiishike. Mstari mweusi ukijichora, peleka nyundo ile chooni uitumbukize, isije ikaokotwa na mtoto wa mtu. Kisha kachukue ekseli chini ya kitanda changu.

Huna wa kukuvutia mvukuto na siku ni moja. Nitavuta mimi. Utanikuta nimekaa humo ndani kiwandani, kwenye gogo alilokuwa akikalia baba yako, nimeshafukuza kuku. Mdomo wangu hautasema kitu, usinisemeshe. Wewe sikiliza chuma, na usiimbe.

Weka karatasi chini. Vua hilo shati la safari. Njoo uwashe moto.

Bibi yako,
Nyamizi